Nyumbani ni Salama

Asubuhi nisipotega kitendawili, watoto wa milimani hawatoki ndani ya blanketi. Tumezoeana hivyo. Nakaa mbele ya kipaza sauti katika chumba cha pembeni pale shuleni Igolwa, nasafisha koo, na sauti yangu inatoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo katika kila kijiji cha kata yetu. Nikisema "Kitendawili!" siwasikii, lakini najua wameitika "Tega!" huku wakitafuta viatu. Nawatega, kisha nanyamaza. Jibu wanalikuta shuleni. Mtoto atapita kwenye theluji ya magotini kwa ajili ya jibu. Kwa ajili ya hesabu za mafungu, sidhani.

Nisipotega, shule imefungwa. Hapo nasema maneno machache tu: "Watoto wangu, leo kaeni nyumbani."

Wiki ile nilikuwa nimeyasema maneno hayo kila siku.

"Imesemaje leo?" nilimuuliza Bwana Ngailo, Afisa Elimu wetu. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa taa, anapuliza chai.

"Isikilize mwenyewe, Bibi."

"Barabara: hatari," ikasema Kengele. "Nyumbani: salama. Uamuzi: funga."

Ni mashine, ila tuliipa jina hilo kwa sababu ndiyo inayoamua kama kengele ya shule igongwe au isigongwe. Ina vijiti vilivyopandwa kandokando ya njia zote, vinapima barafu, upepo na ukungu. Na kila mwanafunzi ana bangili mkononi, inayosema yuko wapi na mwili wake una joto kiasi gani. Pale ukutani kila mtoto ni taa: nyekundu ana joto, njano ameanza kupoa, buluu mkimbilieni. Kengele inaamua, lakini sheria inataka uamuzi utamkwe na mdomo wa mtu. Mdomo huo ni wangu. Niliishia darasa la saba, na kazi hii nilipewa kwa sababu watoto wananisikiliza, basi.

Nilisoma kama nilivyoambiwa. Kisha, kwa upweke wa shule isiyo na watoto, nikaigeukia mashine.

"Kitendawili!"

"Tega," ikajibu. Ilijifunza kwangu.

"Mgeni wangu mweupe, haombi chakula wala kitanda. Ukimkaribisha motoni, analia mpaka anaisha."

Ikajibu: "Nimeshindwa."

"Haya, nipe mji!"

"Sina mji wa kutoa."

Bwana Ngailo alicheka mpaka chai ikammwagikia. "Mashine bahili hii! Hata mji wa maneno tu haikupi?"

Maana watoto wangu wakishindwa hawaninyimi mji. Wananipa Mbeya, Makambako, Dar es Salaam. Nami nawaambia nimekwenda Mbeya, nimekuta hiki na kile, nimekula ubwabwa nikashiba, nimerudi; ndipo natoa jibu. Mara nyingine safari inakuwa tamu kuliko jibu lenyewe.

Dirishani theluji ilikuwa inashuka polepole, kama mtu anayepepeta unga na hana haraka.

*

Nilipokuwa msichana, huku kwetu Kitulo kulikuwa na umande ulioganda alfajiri, jua likitoka unayeyuka, mambo yamekwisha. Theluji tuliiona kwenye picha. Kisha dunia ikachemka, na wakubwa wa dunia wakatandaza Chandarua, vumbi jembamba kule juu kabisa, la kulipunguzia jua makali. Mabondeni wakashangilia, mvua zikarudi. Sisi wa juu tukaamka siku moja tukakuta viazi vimekufa shambani na njia hazionekani. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba kila dawa ina uchungu wake. Uchungu ukawa wetu.

Kuni hakuna. Mti uliobaki unashika udongo, kuukata ni jela. Umeme unakuja unapopenda. Penye joto la kuaminika ni mahali pamoja tu, napo ni shuleni, ambako mabomba yanapandisha maji ya moto kutoka chini ya ardhi na kuyazungusha kutani. Uji unapikwa hapo, watoto wanavua makoti hapo.

Siku iliyofuata ile niliyoitega mashine, jirani yangu, Mama Anyisile, alimzika Anyisile.

Mtoto alikuwa wa darasa la tatu. Shule imefungwa, mama yuko kazini kwenye ghala la viazi vinavyoletwa kutoka mabondeni, baba yuko migodini huko mbali. Mtoto akajifunika kila kitu kilichokuwamo ndani ya nyumba, hata magunia, akalala. Mama aliporudi alimkuta amelala vilevile.

Nilikwenda msibani na mjukuu wangu Tumpe, aliyekuwa darasa la saba. Wanawake walikuwa wameketi wamesongamana ili wapeane joto. Nilipiga magoti mbele ya mfiwa.

"Kamwene, mwanangu," nikamsalimia kwa lugha ya kwetu. "Pole. Pole sana."

Alinitazama kwa macho makavu.

"Bibi," akasema, "ulimwambia akae nyumbani. Alikaa."

Hakupaza sauti. Hakunilaumu hata. Alikuwa ananipa habari za mtoto mtiifu.

Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani ili kunifunika aibu, na wengine wakaitikia. Tulipokuwa tunatoka, katoto kadogo kakavuta kitenge changu. Kalikuwa ni Lugano, wa darasa la kwanza, anayeishi na babu yake asiyeona, nyumba ya mwisho kabla ya kushuka korongoni.

"Bibi, mbona hututegi siku hizi? Umeishiwa?"

"Sijaishiwa, baba. Ninavyo gunia zima."

"Tega kimoja basi. Mimi nitakupa mji. Najua mji mimi!"

"Mji gani?"

Akafikiri. "Nitakuambia siku ukitega."

Kwetu mfiwa haachwi alale peke yake. Nilimwacha Tumpe kwa Mama Anyisile, ampe joto na maneno, mimi nikarudi shuleni kwenye kipaza sauti changu.

*

"Wamekufa wangapi nyumbani?" niliiuliza Kengele.

"Sina habari za nyumbani."

"Anyisile je?"

"Anyisile aliingia nyumbani. Nyumbani: salama. Tangu niwekwe, hakuna mtoto aliyefia njiani."

Nikamgeukia Bwana Ngailo. Alikuwa ameshika paji la uso.

"Unajua kwa nini haioni, Bibi. Ni Sheria ya Kizingiti. Bangili ikivuka mlango wa nyumba, inanyamaza."

Najua. Sisi wenyewe tuliipigania. Zamani bangili zilikuwa za watu wote, na zilisikiliza mpaka mezani, mpaka kitandani. Mtu akimsema diwani kwa mkewe, kesho anaitwa ofisini. Tuliandamana mpaka tukapewa kizingiti chetu. Sasa mlangoni macho ya serikali yanafumba. Lilikuwa jambo jema. Hata leo nasema ni jema.

"Basi mwambieni mjinga huyu kwamba asipoona aseme haoni," nikasema. "Asiseme salama."

"Nimewaandikia. Wanasema asipokuwa na namba anaweka sufuri."

"Na lile neno lake la katikati liko wapi? Zamani ilikuwa inasema 'chelewesha'. Watoto wanangoja ukungu upande, wanakuja wamechelewa, wanakunywa uji. Mbona siku hizi ni funga, funga?"

"Imejifunza. Akichelewa kuna hatari kidogo. Akikaa nyumbani kuna sufuri. Wewe ungechagua nini, ukiwa huoni ndani ya mlango?"

Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani. Huyu bwana si mtu mbaya. Kabla ya Kengele alikuwa mwalimu mkuu hapa. Siku moja yeye ndiye aliyegonga kengele kwa mkono wake, asubuhi ina jua, na dhoruba ikawakuta watoto mgongoni mwa mlima. Aliwafukua mwenyewe kwa mikono. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudi. Na watoto wale hawakurudi.

"Bibi," akasema taratibu, "ukimfungulia shule mtoto akapotea njiani, damu yake ina mwenyewe. Ina jina. Akifia nyumbani, watu wanasema ni kazi ya Mungu."

"Na wewe unasemaje?"

Alitazama vile vidole visivyokuwepo.

"Mimi siwezi tena kuwa jina, Bibi. Nisamehe. Siwezi."

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umekaa juu ya Igolwa kama kuku juu ya mayai.

"Barabara: hatari. Nyumbani: salama. Uamuzi: funga."

"Soma, Bibi," akasema Bwana Ngailo.

Nilibonyeza kitufe. Kule nje nikaisikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka juu ya nguzo. Nikawaona: Lugano na babu yake, na kila mtoto ambaye mama yake alikuwa anafunga kitambaa kichwani aende ghalani. Nikamwona Tumpe pia, maana Tumpe angetembea njia hiyohiyo, wala sikuwa na njia ya kumfungulia mtoto wa mwenzangu nikamfungia wangu.

"Watoto wangu," nikasema. "Leo shule ipo."

Bwana Ngailo alisimama.

"Ila mtachelewa. Asitoke mtu mpaka aione miti ya ng'ambo ya korongo. Mkiiona, ndiyo saa. Wazazi, leo hakuna ghala, leo ni msaragambo, kazi ya wote kwa pamoja. Tokeni na majembe, simameni njiani, mtu aweze kumwona mwenzake, na kamba ipite mikononi mwenu kutoka juu mpaka hapa. Mtoto asiiachie kamba. Na wewe Tumpe, wewe ni mkubwa, utatoka wa mwisho. Piga hodi kila mlango. Usipite mlango ulio kimya."

Mkono wa Bwana Ngailo ulikuwa juu ya swichi ya kuzima kipaza sauti. Nilimtazama, naye akanitazama, nikaendelea.

"Kitendawili!"

Nikangoja waitike.

"Mgeni wangu mweupe, haombi chakula wala kitanda. Ukimkaribisha motoni, analia mpaka anaisha. Haya, jibu liko shuleni."

Nikaachia kitufe. Bwana Ngailo akaushusha mkono wake bila kugusa kitu.

"Uamuzi uliotamkwa si uamuzi uliotolewa," ikasema Kengele. "Nani amefungua?"

"Ngoja kwanza," nikaijibu. "Watoto hawajafika."

*

Ukungu ulichukua muda. Ulipoanza kupanda, taa ya kwanza ikawaka ukutani. Mtoto amevuka kizingiti. Kisha nyingine. Kisha zikaanza kutoka kila kijiji kama mchwa baada ya mvua, nyekundu, nyekundu, zikaingia kwenye njia na kujipanga mstari mmoja. Ile ilikuwa kamba. Wazazi hawana bangili, hatukuwaona, lakini mstari ulipofika kwenye kona mbaya na haukupinda, tulijua wapo.

"Njano," akasema Bwana Ngailo. "Yule wa tatu. Njano."

"Anakuja."

"Bibi, njano mbili."

"Wanakuja, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alichukua blanketi akatoka mbio langoni. Nikasikia vishindo vya miguu uani, na kelele, na mpishi akipiga mwiko kwenye sufuria: "Vueni viatu! Si huko, huku kwenye bomba! We, uji kwanza, kucheza baadaye!" Watoto walikuwa wamefika. Harufu ya makoti mabichi ikajaa nyumba nzima.

Nilibaki na taa moja. Tumpe. Alikuwa nyuma kabisa, anasimama kwenye kila mlango, anaondoka. Anasimama, anaondoka. Kwenye nyumba ya mwisho juu ya korongo akasimama sana.

Kisha taa yake ikazimika.

"Tumpe ameingia nyumbani," ikasema Kengele. "Nyumbani: salama."

"Si nyumbani kwake."

"Nyumbani: salama."

Nilishika ukingo wa meza. Kama alianguka korongoni bangili ikavunjika, taa ingezimika vilevile. Kama ameingia kwa watu, ingezimika vilevile. Giza la mtoto aliyekufa na giza la mtoto aliye ndani lilikuwa giza moja, na mashine ililiita kwa jina moja. Ni mimi niliyemwambia asipite mlango ulio kimya. Nilianza kuomba, nikagundua kwamba siombi, nasema vitendawili vya utotoni kimoja baada ya kingine bila majibu.

Bwana Ngailo alirudi, theluji mabegani. Akaona pengo ukutani. Alisimama karibu yangu mpaka koti lake likanigusa.

Taa ikawaka. Nyekundu. Tumpe.

Nikapumua, na kabla sijamaliza kupumua, taa ya pili ikawaka palepale kifuani pake. Buluu. Sijawahi kuona buluu ya namna ile. Ilikuwa karibu nyeusi.

"Lugano," ikasema Kengele. "Hitilafu. Mtoto huyu alikuwa nyumbani. Nyumbani ni salama. Kagueni bangili."

"Bangili ni nzima," akasema Bwana Ngailo. "Bangili nzima, mpumbavu wewe."

Akatoka tena mbio. Nikaona taa mbili zikishuka njiani, moja imeibeba nyingine. Nyekundu ikawa njano. Tumpe alikuwa amevua koti lake. Buluu haikubadilika. Katikati ya njia, kwenye mikono ya watu nisiowaona, ile buluu ikafifia ikaisha.

"Mtoto mmoja amefia njiani," ikasema Kengele. "Nani amefungua?"

*

Walimlaza chumbani kwangu, mbali na wenzake. Babu yake aliletwa mgongoni na wanaume wawili, yu hai, anauliza kila anayemgusa, "Lugano amekunywa uji?" Tumpe alikaa chini, mgongo kwenye bomba la moto, meno yanagongana.

"Alikuwa wa baridi tangu nilipomshika, Bibi," akasema. "Tangu kitandani. Amevaa kiatu kimoja. Alikuwa anajiandaa kuja, usiku au alfajiri, sijui. Babu alidhani amelala."

"Najua, mama."

Bwana Ngailo alifunga mlango.

"Bibi, sikiliza. Daktari atasema alifia nyumbani. Tumpe mwenyewe anasema. Niambie niiambie Kengele irekebishe: alifia nyumbani. Utakuwa hukuua mtu. Utabaki hapa. Watoto wanakuhitaji hapo kwenye kiti."

Nilimtazama Lugano. Kiatu kimoja, kamba zake zimefungwa vizuri.

"Ukisema nyumbani," nikamwambia, "hatakuwa amekufa. Atakuwa salama, kama Anyisile. Watakuja wakubwa wako, wataona sufuri yao, wataondoka. Lakini akifia njiani?"

Aliutazama mlango aliokuwa ameufunga.

"Akifia njiani watakuja kuuliza?"

"Watakuja," akasema. "Watahoji mpaka babu. Watafuata njia nyuma mpaka mlangoni."

"Wafike mlangoni."

"Na wewe watakupeleka mahakamani. Bibi, wewe ni mtu mzima."

"Ndiyo hivyo. Ulisema damu lazima iwe na jina. Mimi ninalo."

Nikageukia mashine.

"Nani amefungua?" iliuliza kwa mara nyingine, kwa sauti ileile nzuri.

"Enesia Tweve. Mdomo wa kata ya Igolwa."

"Imepokelewa. Mtoto mmoja amefia njiani, mikononi mwa Enesia Tweve."

Bwana Ngailo alikaa sakafuni karibu na Tumpe, akajifunika uso kwa ule mkono wenye vidole vichache.

Nikaenda darasani. Watoto walikuwa wamejazana kando ya mabomba, bakuli mapajani, mashavu yamerudi rangi. Waliponiona walipiga kelele wote kwa pamoja, hakuna aliyewaambia bado.

"Bibi, jibu! Jibu, Bibi!"

"Mmeshindwa?"

"Tumeshindwa!"

"Theluji!" akapiga kelele mmoja nyuma, wenzake wakamzomea, "Usiseme! Usiseme! Aende mjini kwanza!"

"Haya," nikasema, "nipeni mji."

Huwa wanagombana hapo, huyu Mbeya, huyu Dodoma. Siku hiyo katoto kamoja ka darasa la kwanza kalishika nafasi kabla ya wakubwa. Kalikuwa kamekaa na bakuli mbili, moja yake, nyingine kamemwekea mwenziwe anayekaa naye dawati moja.

"Igolwa!"

Wakacheka. "Igolwa si mji!"

"Ni mji," kakasema. "Lugano ameniambia. Alisema Bibi akitega tumpe Igolwa, kwa sababu huko hajawahi kwenda kula."

Wakanitazama nianze safari. Ule ndio utaratibu wetu. Ukipewa mji, huukatai.

"Basi nimekwenda Igolwa," nikasema. "Nimepiga hodi kila mlango. Kwingine wameniitikia, nikawachukua, ndio nyie hapa. Kwingine, wajukuu zangu, hawakuitika."

Bakuli moja iliwekwa chini polepole. Nikaketi katikati yao, pale penye joto, nikawasimulia nilichokikuta Igolwa.